Sharti la Mkataba Lina Mwenyewe: Somo kwa Kamati za Sharika Kuhusu Ununuzi wa Ardhi



Kamati nyingi za sharika zinaponunua shamba au kiwanja huandika kwenye karatasi ya mauziano maneno kama haya: "Mnunuzi atamalizia fedha iliyobaki baada ya Halmashauri ya Kijiji kuridhia." Muuzaji anasaini, mwenyekiti wa kamati anasaini, mashahidi wanasaini, advansi inatolewa. Miezi minane baadaye Halmashauri haijaridhia, wala haijakataa. Ukiuliza kuna nini, unajibiwa kwamba bado tunasubiri. Ukiuliza ni nani aliyepeleka barua ya maombi kijijini, kila mmoja anamtazama mwenzake.

Somo letu la robo hii linahusu maneno hayo ya "baada ya Halmashauri kuridhia" na ndugu zake: "mke wake akikubali", "mirathi ikikamilika", "shamba likishapimwa", "fedha za wafadhili zikifika". Haya yanaitwa masharti ya mkataba. Watu huyaandika kwa haraka kuliko bei, na ndiyo yanayoleta ugomvi kuliko bei.

Sharti ni kitu gani

Sheria ya Mikataba (Sura 345) inautambua mkataba ambao utekelezaji wake unategemea jambo fulani litokee kwanza. Jambo likitokea, ahadi inadaiwa. Likishindikana kabisa, ahadi haidaiwi. Hadi hapo hakuna ugumu.

Ugumu unaanza tunapodhani kwamba masharti yote yanafanana na mvua. Mvua ya Singida huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na hakuna mtu anayeweza kuisukuma. Lakini idhini ya kijiji haishuki kutoka mawinguni. Lazima mtu aandike barua, aipeleke kwa Mtendaji wa Kijiji, afuatilie ajenda, na aende kikaoni kueleza mipaka. Ridhaa ya mke inahitaji mtu akae naye na kumweleza kinachouzwa na fedha itafanya nini. Usimamizi wa mirathi unahitaji ndugu wafanye kikao cha ukoo kisha mmoja wao aende mahakamani. Kwa hiyo sharti la aina hii lina mwenyewe, yaani mtu mwenye wajibu wa kulihangaikia. Asipohangaika, hawezi kusimama baadaye akasema, "Sharti halikutimia, basi tumeachana."

Wale wanaopenda kuanza na Maandiko wafungue kitabu cha Ruthu, sura ya 3 na ya 4. Boazi alitoa ahadi yenye sharti: yuko jamaa wa karibu zaidi, naye akikomboa ni sawa, asipokomboa Boazi atakomboa. Hakulala akisubiri yule jamaa apite mlangoni kwake. Kulipokucha alikwenda kuketi penye lango la mji, akamwita, akakusanya wazee kumi, akauliza swali lake mbele yao na akapata jibu siku hiyohiyo. Lile lilikuwa pia shauri la shamba.

Idhini ya kijiji si mhuri wa mtu mmoja

Sehemu kubwa ya ardhi ambayo sharika zetu hununua iko vijijini, nayo inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Chini ya sheria hiyo mwenye hakimiliki ya kimila hawezi kuihamishia kwa mtu mwingine bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imelisema hili zaidi ya mara moja. Katika Rufaa ya Madai Na. 389 ya mwaka 2019, iliyotoka Tanga, ilieleza kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya Halmashauri hayana nguvu. Mnunuzi anaweza kuwa amelipa fedha yote na ana karatasi yenye mashahidi, na bado asiwe na ardhi.

Hapa tunaomba kamati zisome polepole. Halmashauri ya Kijiji ni chombo cha wajumbe 15 hadi 25 wanaokaa kikao na kuandika muhtasari. Mwenyekiti wa Kijiji peke yake si Halmashauri. Mwenyekiti na Mtendaji wakisaini pamoja chini ya mwarabaini na kugonga mhuri, bado hawajawa Halmashauri. Mhuri wao unaonyesha kwamba wamewaona mkisaini, basi. Kinachotakiwa ni muhtasari wa kikao unaotaja shamba, muuzaji, mnunuzi, na uamuzi. Ombeni nakala. Na pale ambapo ofisi ya kijiji inadai ada au asilimia ya bei, ombeni kuonyeshwa sheria ndogo inayoiruhusu na stakabadhi ya Serikali. Fedha isiyo na stakabadhi haiingii kwenye vitabu vya mradi, na mkaguzi wetu hana msamaha katika hilo.

Kwa ardhi iliyopimwa na yenye hati mjini, idhini hutafutwa kwingine, lakini fundisho ni lilelile. Katika shauri la Nitin Coffee Estates dhidi ya United Engineering Works, lililoripotiwa mwaka 1988, Mahakama ya Rufani iliamua kwa kufuata kanuni za ardhi za mwaka 1948 kwamba mauziano ya haki ya kumiliki ardhi bila idhini ya mamlaka husika hayafanyi kazi.

Kuna jambo jingine ambalo kamati husahau. Usharika si mtu mbele ya sheria. Kamati ya ujenzi nayo si mtu. Ardhi ya kanisa inanunuliwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, na taasisi inayotoka nje ya kijiji ina utaratibu wake wa kupata ardhi ya kijiji, tofauti na ule wa mwanakijiji anayenunua kwa jirani. Mzungumzeni na Afisa Ardhi wa Wilaya pamoja na ofisi ya dayosisi kabla ya advansi. Shamba lililoandikwa jina la mwinjilisti au la mtunza hazina "kwa muda tu" hugeuka mirathi siku mtu huyo akifariki.

Juhudi za kutosha ni zipi

Sasa tufike kwenye kiini. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mzee mmoja katika Wilaya ya Ikungi anaiuzia kanisa ekari tatu kwa ajili ya shule ya awali. Wameandikiana kwamba fedha iliyobaki italipwa idhini ikipatikana. Mwezi unaofuata anakuja mfanyabiashara wa alizeti na kutaja bei kubwa zaidi. Mzee anaacha kwenda kijijini. Anaitwa kikaoni, anasema anaumwa. Anaitwa tena, amesafiri. Mwisho anarudisha advansi na kusema, "Idhini haikupatikana, hata ninyi mmeona."

Je, yuko huru? Jibu la sheria ni hapana. Sheria ya Mikataba inasema kwamba katika mkataba wa ahadi za pande mbili, anayemzuia mwenzake kutimiza ahadi yake anawajibika kumfidia. Kanuni hii ni ya zamani. Mwaka 1881 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua shauri kutoka Uskoti kuhusu mashine ya kuchimbia udongo. Mnunuzi alikubali kuilipia ikifaulu majaribio mahali walipopatana, kisha hakutoa nafasi ya kuijaribu ipasavyo. Mahakama ilimwamuru alipe kama vile mashine imefaulu. Mtu hawezi kufaidika na sharti ambalo yeye mwenyewe amelikwamisha.

Lakini tuligeuze shauri letu. Tuseme mzee yuleyule alipeleka barua wiki ile ile, akahudhuria vikao viwili, akaenda na mke wake na majirani wa mipaka, akaonyesha mstari wa minyaa aliourithi. Halmashauri ikakataa kwa sababu eneo lile limetengwa kwa malisho katika mpango wa matumizi ya ardhi. Mzee huyu hana kosa hata chembe. Hakuahidi kwamba idhini itapatikana; aliahidi kuitafuta. Anarudisha advansi, wanapeana mikono, wanaachana kwa amani.

Wala hatakiwi kwenda mpaka mwisho wa dunia. Mwaka 1969 mahakama ya rufani ya Uingereza iliangalia mauziano ya kiwanja ambayo yalitegemea mnunuzi, kampuni ya Hargreaves Transport, kupata kibali cha mipango miji. Kampuni iliomba, ikakataliwa baada ya wakazi wa pale kupinga, haikukata rufaa. Mahakama iliona kwamba imefanya yanayotosha. Maamuzi ya Uingereza hayaifungi mahakama ya Tanzania, ila sheria yetu ya mikataba ina asili moja na yao na mawakili wetu huyataja.

Kwa hiyo juhudi za kutosha ni zile ambazo mtu mwaminifu, anayetaka kweli jambo lifanikiwe, angezifanya akiwa katika nafasi na uwezo wa yule aliyeahidi. Mzee asiyejua kusoma hatupimi kwa kipimo cha dayosisi yenye mwanasheria na gari. Akihitaji kuandikiwa barua, mwandikieni, mumsomee, aweke dole gumba. Na tuliseme waziwazi: juhudi za kutosha hazijumuishi kumpa mtu chai. Kamati iliyoambiwa kwamba faili litasogea likipewa bahasha haijavunja mkataba kwa kukataa.

Kuna masharti mawili ambayo juhudi hazitakiwi kugeuka shinikizo. La kwanza ni ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Mke akisema hapana baada ya kuelezwa vizuri, hilo ni jibu halali, na mume aliyemweleza kwa uaminifu ametimiza wajibu wake. Mjumbe wa kamati anayemwendea mama huyo mara tatu na kumwambia anamzuilia Mungu shamba, anafanya jambo ambalo jarida hili haliwezi kulitetea. Napendelea kamati isikie hapana mapema, jikoni kwa mama mwenyewe, kuliko kuisikia barazani baada ya msingi kuchimbwa.

La pili ni mirathi. Shamba la marehemu linauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa si msimamizi kwa sababu tu ya ukubwa wake. Kama hakuna msimamizi, sharti liandikwe kwamba muuzaji atafungua shauri la mirathi ifikapo tarehe fulani, na advansi isubiri.

"Fedha za wafadhili zikifika"

Tumezoea kulitazama sharti upande wa muuzaji. Sasa tujitazame.

Kamati ikiandika kwamba itamalizia malipo "fedha za wafadhili zikifika", imejiwekea sharti ambalo mwenyewe ni kamati. Muuzaji hawajui wafadhili, hana anwani yao, hajui ripoti ya nusu mwaka ilitakiwa lini. Anachojua ni kwamba amekubali kuuza. Novemba inafika, majirani wanaandaa mashamba, naye anajiuliza: nilime au nisilime? Akilima, anaogopa kanisa litakuja na matofali katikati ya mtama wake. Asipolima na fedha isipofika, familia imepoteza msimu mzima, na Singida tuna msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Hasara hiyo inapimwa kwa magunia, nayo iko kwenye ghala la mtu maskini kuliko sisi.

Kamati iliyoandika sharti hilo inapaswa kuwa imefanya nini? Imetuma andiko la mradi kwa wakati, imejibu maswali ya mfadhili, imeleta nukuu za bei, imetoa hesabu ya fedha ya awali. Kama fedha imechelewa kwa sababu ripoti ilikaa kwenye droo ya usharika miezi minne, huwezi kumwambia mzee kwamba wafadhili hawajatuma. Ni sisi tuliokwamisha, na akidai fidia ya msimu wake ana hoja nzito. Ikiwa kila kitu kilifanyika na mfadhili akapunguza bajeti yake, hapo kamati inaweza kujitoa kwa haki, ila imjulishe muuzaji siku ileile ilipopata habari, kabla hajauza mbegu.

Ndugu wafadhili, nanyi mko ndani ya sharti hili ingawa hamkusaini. Mnapoomba hati ya ardhi kabla ya kutoa fedha, wakati muuzaji anasubiri fedha kabla ya kukamilisha hati, mnajenga mduara usio na mlango. Fedha ya hatua kwa hatua inasaidia: kiasi kidogo cha kupima, kufuatilia idhini na advansi, kisha kiasi kikubwa muhtasari wa Halmashauri ukiwa mkononi. Na mkisema hapana, semeni mapema.

Jinsi ya kuandika

Neno "atajitahidi" peke yake halitoshi. Sheria inasema makubaliano ambayo maana yake haieleweki wala haiwezi kueleweka ni batili, na hata yakisalimika, kila upande utalitafsiri kujitahidi kwa namna yake. Andikeni kitendo, mtendaji, na tarehe. Mfano ufuatao si wa kunakili bila kufikiri, bali wa kuanzia:

"Muuzaji atawasilisha maombi ya idhini kwa Halmashauri ya Kijiji kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kusainiwa mkataba huu, na atampa mnunuzi nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Atahudhuria kikao atakapoitwa na kutoa maelezo yatakayohitajika. Mnunuzi atatoa nyaraka za upande wake ndani ya siku 7 tangu kuombwa, na atagharamia upimaji. Ikiwa kila upande umetimiza hayo na idhini haijapatikana hadi tarehe iliyotajwa, mkataba utakoma na muuzaji atarudisha advansi yote ndani ya siku 60. Ikiwa idhini imekosekana kwa sababu upande mmoja haukufanya yaliyotajwa, upande huo utafidia hasara ya mwenzake. Hadi idhini ipatikane, muuzaji ataendelea kulima shamba na kuvuna mazao yake."

Sentensi ya mwisho kamati nyingi huiacha, nayo ingezuia nusu ya malalamiko. Tarehe ya mwisho nayo msiiache wazi. Muda usipotajwa, sheria inasema ahadi itimizwe ndani ya muda unaofaa, na kujua muda unaofaa ni upi huwa kazi ya baraza la ardhi, baada ya ninyi kugombana.

Kuhusu advansi, iwe ndogo. Mtu aliyepokea milioni mbili mwezi wa tatu ameshalipa ada ya mjukuu na kununua mabati ifikapo mwezi wa tano. Sheria inamtaka arudishe alichopokea mkataba unapokuwa hauna nguvu, lakini mabati hayarudi kuwa fedha. Kiasi kikubwa kikae benki kwenye akaunti ya dayosisi hadi muhtasari upatikane. Wala msichimbe msingi kabla ya idhini, hata kama mafundi wapo na mchanga umeshamwagwa.

Tunzeni daftari. Kila hatua iandikwe siku yake: barua imepelekwa tarehe fulani, imepokelewa na fulani, kikao kimeahirishwa kwa sababu hii, tumekumbusha kwa barua ya pili. Halmashauri ikinyamaza, kumbusheni kwa maandishi, kisha nendeni kwa Mtendaji wa Kata na Afisa Ardhi wa Wilaya. Siku mkiulizwa mlifanya nini, daftari hilo ndilo litakalojibu. Kumbukumbu za kichwani hubishaniwa.

Mambo yakiharibika

Anzeni kwa mazungumzo, kisha Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo ni la usuluhishi. Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, linasuluhisha tu; halitoi tena hukumu ya ardhi. Lina siku 30, na likishindwa linatoa cheti cha kuonyesha hivyo, ndipo shauri linafunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wale wanaotumia nakala za zamani za mwongozo wetu, ambazo zinasema Baraza la Kata linaamua, wazirekebishe kwa kalamu. Kwa muuzaji asiye na uwezo wa wakili, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kamati isione vibaya kumwelekeza kwao hata kama anabishana na kamati yenyewe.

Fidia chini ya Sheria ya Mikataba ni kwa hasara iliyotokana na kuvunjwa kwa mkataba, na anayedai anatazamwa pia kama alifanya lolote kupunguza hasara yake. Muuzaji aliyeambiwa Oktoba kwamba fedha haitafika, akaamua kutolima ili adai zaidi, hatapata msimu mzima.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Chukueni mkataba mmoja wa ardhi ambao usharika wenu umesaini. Kila sharti lililomo, mwenyewe ni nani? Ametajwa, au mmekisia sasa hivi?

2. Je, mna muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji, au mna mhuri tu? Kama ni mhuri tu na jengo limeshasimama, nani ataanza kufuatilia, na lini?

3. Yupo muuzaji anayewasubiri ninyi hivi sasa? Anajua mmefikia wapi, na amejua kama alime msimu huu?

Majibu ya swali la pili na la tatu tunaomba yatufikie ofisi ya miradi kabla ya mvua za kwanza, pamoja na nakala za mikataba husika.